Maziwa ya Jua

Tatu mwanangu,

Mie barua sijaandika tangu simu ziingie Kibiti, kwa hiyo nivumilie mwandiko. Ningekwambia kwa mdomo, lakini wewe na mie tukianza kwa mdomo tunaishia kwa kununa, na basi la kesho alfajiri halitusubiri tumalize kununa. Basi nimechana karatasi katikati ya daftari lako jipya, utanisamehe, nimekaa hapa mkekani nakuandikia huku mume wangu kalala pembeni. Usiulize mume gani. Siku hizi ninaye mmoja tu, hana hata jino, na mama yake ameniachia kwa masharti.

Masharti yenyewe ulinitamkia mlangoni, mguu mmoja umeshapanda pikipiki ya mumeo. "Mama, nakwenda Mtunda kumuaga mama mkwe. Nikirudi nikakuta Nassoro hajanywa, kesho siendi. Kazi wampe mtu mwingine." Kisha ukaondoka bila kugeuka nyuma. Ungegeuka usingekwenda hata huko Mtunda, nakujua.

Tangu mwanzo wa wiki tunamjaribu kwa kikombe, na tangu mwanzo wa wiki anafunga mdomo, anazungusha shingo kukutafuta. Muuguzi wa kliniki alikwambia hatanywa kwa mtu mwingine maadamu wewe uko ndani ya nyumba, kwa nini ahangaike na kikombe na harufu ya mama yake anaisikia? Basi leo hupo. Ulimnyonyesha baada ya alasiri, akalala. Akiamka ataamka na njaa. Mie namngoja, na mikono yangu haijui kungoja bure, ndiyo maana nimeipa kalamu.

Sitakuandikia habari za kuchemsha chupa, wala maji vuguvugu, wala ipi itangulie kutoka dukani kwa Mama Shani. Hayo umeniandikia wewe, ukanibandikia ukutani juu ya mtungi, nimeyasoma mpaka nayaota. Na chupa zako za maziwa uliyokamua ziko salama. Mama Shani kazifunga kitambaa chekundu kule ndani ya friza lake, mbali na barafu zake za ukwaju. Anaogopa binti wa mtu asije akapewa kwa makosa, akawa dada wa kunyonya wa Nassoro, tukampotezea mchumba kabla hajaota meno.

Mie nataka kusema habari ya chupa moja tu, ile niliyoimwaga juzi.

Uliitoa dukani kwa Mama Shani, ukaiweka kwenye bakuli jikoni iyeyuke, ukaenda kuoga. Nikapita, nikaiona. Juu mafuta mazito ya njano, chini majimaji ya rangi isiyoeleweka. Nikasema moyoni, haya yamekatika. Sikukuita. Nilichukua chupa nikaenda nayo nyuma kwenye mgomba, nikayamimina shinani polepole, na bismillahi juu yake, kama tulivyofundishwa: maziwa ya mama hayatupwi njiani yakakanyagwa, wala hayamwagwi karibu na moto, yanapelekwa pabaridi. Nikarudi roho nyeupe, nikaisuuza chupa na kuifunika.

Ukatoka bafuni na kanga kifuani. "Mama, maziwa yako wapi?"

"Yalikuwa yameharibika, mwanangu. Nimeyapeleka mgombani."

"Nani kakwambia yameharibika?"

"Macho yangu."

Ungepiga kelele ningejua la kujibu, kelele nazijua. Lakini ulikaa kizingitini, ukaweka mikono magotini, ukasema taratibu kabisa, "Ile chupa nimeikamua kutwa nzima."

Nami badala ya kusema pole nikajitetea. Nikakwambia nimelea watoto kabla hizo friza hazijafika Kibiti. Ndipo ukampigia muuguzi, ukaweka simu sauti ya juu nisikie mwenyewe, na yule dada, hana baya, akasema, "Mama, yakikaa yanajitenga tu. Izungushe chupa taratibu, yatarudiana. Ukiwa na shaka yanuse, au yaonje kidogo." Nikaruka. "Nionje maziwa ya mjukuu wangu? Astaghfirullah!" Nikatoka zangu nje. Hasira zangu unazijua, zinafika mlangoni kabla yangu.

Tangu juzi najiuliza mkono wangu ulikuwa na haraka gani vile. Jibu lake liko kule bondeni tulikolima mpunga, mwanangu, mwaka uliokuwa unanyonya wewe.

Unaijua ile hadithi kwamba wewe ulikataa ziwa. Unaisikia kila sikukuu. Shangazi zako wakikuona tu, "Huyu ndiye aliyemkataa mama yake!" Ulipokuwa mdogo ulicheka nao. Ulipokua ukaacha kucheka. Siku moja tunachambua mchele, umeshakuwa msichana mkubwa, ukaniuliza bila kuinua macho kwenye ungo, "Mama, kwani mie kwa nini nilikukataa?" Nikakujibu, "Watoto wana mambo yao." Nilikujibu hivyo kwa kuwa hata mie niliamini.

Mwaka ule mto ulijaa vizuri, maji yakaondoka kwa wakati, yakatuachia tope nono, mpunga ukakubali. Tulikuwa tunakaa upande wa Ikwiriri, shamba letu bondeni ng'ambo. Mpunga ukishatoa masuke lazima mtu awe juu ya dungu tangu kunapambazuka, kile kibanda cha miti mirefu, apige debe, arushe udongo kwa kombeo, la sivyo ndege hawakuachii hata mbegu. Wanawake wengi walihamia huko na watoto wao. Lakini wewe ulikuwa ndiyo kwanza umetoka kwenye homa, na mbu wa bondeni si wa mchezo. Bibi yako mzaa baba akasema, "Huyu mwache na mie." Tena alisema kwa huruma. Alikuwa mwanamke wa Mbwara, wa kule vilimani, anajua kulea, na alikupenda kuliko wajukuu zake wote. Usije ukamchukia kwa haya ninayokusimulia.

Basi nakunyonyesha alfajiri, navuka kwa mtumbwi na marehemu baba yako, nashinda juu ya dungu juani. Jua likifika utosini maziwa yameshajaa. Yanauma, Tatu, unajua sasa yanavyouma. Kanga inalowa mpaka kiunoni. Nikisikia mtoto analia shamba la jirani yanatoka yenyewe, hayajui kwamba yule si wangu. Nami siyakamui. Nani alikuwa anakamua kuweka akiba? Sisi tulijua anayekamuliwa ni ng'ombe. Najifunga kanga ya pili juu ya ya kwanza, napiga debe kwa uchungu wote nilio nao, na ndege wa siku zile walinikoma.

Jioni nikirudi, kabla sijakugusa, bibi yako ananisimamisha uani. "Hayo ni maziwa ya jua. Yameshinda yakichemka humo. Ukimpa yatamharisha. Toa kwanza." Hakulitunga yeye, aliambiwa na mama yake, na mama yake na wake. Basi napiga magoti kwenye mgomba, nakamua chini, ardhi inakunywa, na wewe uko ndani unalia nakusikia. Nakamua mpaka laini kabisa. Ndipo napewa mtoto wangu. Unavuta, hupati. Unavuta tena, unapata tone. Unaachia, unapiga ukelele. Bibi yako anakuchukua mikononi mwangu, anakupa uji wa mchele, unashiba, unalala.

Ikawa ndiyo kila jioni yetu. Mpunga haujakauka shambani, maziwa yakaanza kupungua. Mchana hayajai tena, kanga hailowi. Na nilifurahi, mwanangu. Wallahi nilifurahi, kwa sababu hayaumi. Sikujua kwamba mwili nao una akili zake, ukiona kitu hakitakiwi unaacha kukileta. Tulipomaliza kuvuna nilikuwa sina kitu, na wewe ukiwekwa kifuani unageuza uso. Ukakonda mpaka masikio yakawa makubwa kuliko kichwa. Watu wakasema, mtoto kakataa ziwa. Nikalala nalo hilo usiku mwingi, kwamba mtoto niliyemzaa mwenyewe hanitaki.

Hukukataa, Tatu. Ulikuwa unaita, na mie nilikuwa nakuletea kifua kitupu. Hukunikataa hata siku moja. Inaniuma kwamba umelibeba neno lile mpaka umekuwa mama wa mtu. Shangazi zako wakilianza sikukuu ijayo, waambie mama kasema basi. Wakibisha waje kwangu, wananijua.

Ndiyo maana siku ile ulipokuja na ile pampu yako ya mkono nilikucheka. Unakumbuka? Umekaa kitandani umejifunika, kidude kinalia fyu, fyu, nami nimesimama mlangoni nasema, "Haya, tumepata ng'ombe wa kisasa." Ukacheka kidogo, kisha ukanigeuzia mgongo. Nilikuwa na wivu. Naliandika hivi hivi lilivyo: niliona wivu. Niliangalia maziwa yanavyopanda kwenye chupa, mtoto yuko kwa jirani, hakuna anayelia, hakuna kinachoingia ardhini. Nikasema, kumbe njia ilikuwepo. Kumbe hata bila ya hicho kidude, mikono yangu miwili na kikombe cha bati vingetosha.

Sasa unakwenda Dar mpaka mwezi mwingine uandame. Ukirudi utakuwa bibi shamba wa Dimani, utawafundisha watu kulima, wewe mtoto wa dungu, nami nitajishaua mpaka watu wanichoke. Lakini huko kwenye mafunzo mtalala chumba kimoja na wenzako, na wengi wao hawajazaa. Maziwa yatajaa katikati ya somo, maana hayajui ratiba. Mwalimu atakuwa mwanamume, anaongea habari za mbolea, na wewe umekunja mikono kifuani unaomba asikuulize swali. Utaona haya. Utasema, ngoja mapumziko. Mapumziko yakifika kuna watu, utasema ngoja jioni. Mie nilingoja jioni.

Inuka, mama. Sema, "Nanyonyesha, naomba nafasi." Atakayecheka acheke, meno ni yake. Kama hapana chumba kaa hata stoo ya majembe. Nimekuwekea kanga yangu ya zambarau chini ya nguo zako, ni nzito, haionyeshi. Jifunike, toa simu, tazama picha ya Nassoro akiwa amenuna. Yatakuja. Ukishindwa kabisa nipigie, nitamfinya kidogo alie uisikie sauti. Natania. Sitamfinya sana.

Na habari ya lile deli la barafu utakalotia maziwa umpe kondakta wa basi aniletee, usiniwazie. Miaka yote hii nimepeleka kamba wa Nyamisati Dar ndani ya barafu, sasa barafu itanirudishia maziwa, jamani, nani angewaza? Stendi nitakwenda mwenyewe. Lakini nikwambie ukweli wa barabara: kuna siku gari litakufa njiani, barafu itayeyuka, na maziwa yatafika yamechacha kweli, si ya kuzungusha chupa. Nitakwambia, sitakuficha. Utalia. Lia, halafu kaa chini ukamue tena. Yaliyo kwenye deli yakipotea yamepotea. Ya kifuani ndiyo usiyaache yapotee.

Mama mkwe wako naye usimwogope. Nadhani hata sasa hivi mnapoongea anakwambia habari ya uji. Jana kanipigia, "Dada, mtoto wa kiume hashibi vimajimaji, mpe uji." Nilimjibu kwa adabu, na unajua nikiwa na adabu nilivyo mbaya. Uji wa Nassoro miezi yake ikifika tutaupika wote, mie na yeye, akoroge yeye. Kabla ya hapo, atakayemwekea huyu mtoto kijiko cha uji mdomoni anipite mie kwanza.

Jambo jingine ni hili unalolificha. Nimekuona unavyomkunjia nguo zake, unazikunja, unazikunjua, unazikunja tena. Unajiona unamtupa. Sikiliza, mwanangu. Mpunga ule wa bondeni tuliula mwaka mzima, na wewe ulikula, ndio uliokurudishia mashavu. Kwenda kule sikukosea. Ningekaa nyumbani tungelala njaa sote watatu. Kosa halikuwa kuondoka. Kosa lilikuwa kurudi nimekubebea kitu, halafu nikakimwaga mlangoni.

Ngoja. Ameamka.

Nimerudi. Mwandiko umeharibika, usome hivyo hivyo.

Aliamka akatazama kulia, akatazama kushoto, hakukuona, akaangua kilio. Nikamweka begani, nikaingiza chupa kwenye maji vuguvugu, na yale maziwa, yaani Mungu ananijaribu, yamejitenga vilevile kama ya juzi. Nikaizungusha chupa taratibu, naizungusha huku nasema, haya, rudianeni, msiniaibishe. Yakarudiana. Mbele ya macho yangu yakawa maziwa.

Nikamwekea kwenye kikombe. Akafunga mdomo. Nikamwimbia, akalia zaidi, unajua sauti yangu. Nikamwambia, "Mume wangu, usinifanyie hivi, utamkosesha mama yako kazi." Analia mpaka machozi yanaingia sikioni. Nikaona basi, nimeshindwa, Tatu haendi, na mie ndiye sababu tena. Ndipo nikaiona kanga yako uliyolala nayo jana, iko juu ya kamba hujaifua. Nikaivuta, nikajifunga kifuani, nikamlaza hapo. Akanyamaza. Akanusa. Akakwaruza ile kanga kwa vidole kama anavyokukwaruza wewe. Nikagusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, sikumimina, nikagusisha tu. Akatoa ulimi. Akaurudisha. Akautoa tena.

Amekunywa, Tatu! Amekunywa, mengine yameingia shingoni kwangu, lakini amekunywa, akanitazama machoni muda wote kama ananikagua. Akacheua kwenye kanga yako, akalala. Kanga usiifue. Isahau hapa makusudi.

Basi kesho unakwenda. Hilo tumelimaliza, na Mwenyezi Mungu akutangulie uendako. Kikombe nitakiacha mezani bila kukiosha, wewe uliyenisumbua wiki nzima na habari za kuosha, ukifika tu ukione. Hii barua naifunga ndani ya kanga ya zambarau, utaikuta huko huko, siku maziwa yatakapojaa na haya zitakapokushika.

Ila kuna jambo moja sitaweza kukwambia utakaporudi leo, nitakuacha ulisome ukiwa mbali. Nassoro alipolala yalibaki matone chini ya kikombe. Miguu ikanipeleka nyuma, kwa mazoea, mpaka kwenye mgomba. Nikainamisha kikombe. Halafu nikamkumbuka yule muuguzi. Nikatazama huku na huku kama mwizi, nikachovya kidole, nikaonja.

Ni matamu, mwanangu. Yamelala kwenye barafu, yamejitenga, yamezungushwa, na ni matamu kama maji ya dafu.

Nilikaa chini pale pale shinani nikalia. Maana jioni zote zile za bondeni, pale uani tulikuwa wanawake wazima wawili, tunakupenda sote, na wewe unalia ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeonja.

Mama yako